Homa ya jioni Kisongo: majibu matatu ya maabara yaliyosomwa kinyume

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 34, mnunuzi wa mbuzi anayeishi Kisongo, nje kidogo ya Jiji la Arusha. Hununua kwenye mnada wa Meserani na kuwauzia wachinjaji wa mjini, na nyumbani ana mbuzi wake mwenyewe wapatao ishirini. Hakuna mtu mmoja aliyepitia haya yote kwa mpangilio huu. Tumemjenga kwa ajili ya mafunzo kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa homa wa Arusha na Kilimanjaro, na namba zake za maabara ni za mfano. Mwenendo wa ugonjwa, tabia ya vipimo na dozi ni vya kweli.

Homa ilimwanza taratibu mwishoni mwa masika. Jioni mwili unachemka, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi anaamka ana nafuu na kupanda pikipiki kwenda mnadani. Viungo vinauma, kiuno kizito, chakula hakipiti. Wiki ya kwanza alinunua dawa mseto kwenye duka la dawa bila kupima. Wiki ya pili alikwenda kituo cha afya: kipimo cha haraka cha malaria hasi, Widal (kipimo cha taifodi) O 1:160 na H 1:80. Akaambiwa ana taifodi, akapewa siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Homa ilishuka siku ya nne. Siku 17 baada ya kumaliza dawa ikarudi, safari hii na maumivu ya nyonga ya kulia na korodani ya kushoto iliyovimba. Kituo cha pili kilipima picha kamili ya damu, mkojo, na brusela (bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo) kwa slaidi. Chembe nyeupe zilikuwa 4.6 (elfu kwa mikrolita ya damu), brusela hasi, mkojo ukiwa na chembe chache za usaha. Jibu likawa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), akachomwa seftriaksoni siku 5. Alipofika hospitali ilikuwa wiki ya nane, amepungua kilo tisa, anatembea akiburuta mguu, na mfukoni ana karatasi tatu zilizokunjwa pamoja: Widal chanya, brusela hasi, chembe nyeupe za kawaida.

Ukizisoma harakaharaka, karatasi hizo zinasema: taifodi ilikuwepo, brusela haipo, bakteria hawapo tena. Kila moja ilichukuliwa kama taarifa ya bakteria, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zote tatu zilipima mwitikio wa kinga ya mwili, na mwitikio huo una wakati wake, kiasi chake, na mara nyingine unamhusu adui mwingine kabisa, wa zamani.

Swali lililochelewa wiki nane

Daktari wa wodi hakuanza na karatasi. Alimuuliza, "Kaka, mifugo unayo nyumbani? Kuna mbuzi aliyetupa mimba mwaka huu?" Jibu lilitoka bila kusita: watatu, wote mimba zikiwa kubwa. Mmoja alikwama na yeye ndiye aliyemtoa kitoto kwa mikono mitupu, kisha akavuta kondo la nyuma. Maziwa? Ya asubuhi hunywewa yakiwa bado na joto la kiwele, na yanayobaki hugandishwa kwa ajili ya loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla, naye hakuona sababu ya kulisema, kwa kuwa mbuzi kutupa mimba ni jambo analoliona kila mwaka.

Swali hilo huchukua nusu dakika, na huku kwetu lina uzito kuliko vipimo vingi. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, ukiongozwa na John Crump na kuchapishwa mwaka 2013, ulifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi, watoto na watu wazima. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa malaria wakati wa kulazwa. Waliokuwa na malaria kweli ni 14, sawa na asilimia 1.6. Magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama yalipatikana kwa wagonjwa 118, ambao ni asilimia 26.2 ya waliopimwa magonjwa hayo: leptospirosisi 40, riketsia za homa ya madoa 36, homa ya Q 24, bruselosisi 16, na taifasi 2. Kati ya wagonjwa wote hao, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wa bakteria wa wanyama uliandikwa kwenye orodha ya magonjwa yanayoshukiwa siku ya kulazwa. Tunasisitiza sentensi hiyo kwa sababu inaonyesha ugonjwa unapopotelea: kwenye fomu ya kulazwa, kabla sampuli haijafika maabara.

Bakteria anayeingia bila kupigiwa mbiu

Ili kuelewa chembe nyeupe 4.6 za mgonjwa huyu, ni lazima kujua jinsi Brucella, bakteria wa brusela, anavyoingia mwilini. Bakteria kama E. koli hubeba kwenye ukuta wao wa nje lipopolisakaridi, molekuli ya mafuta na sukari ambayo mwili huitambua papo hapo. Kipokezi kiitwacho TLR4 kikiigusa, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) hupiga mbiu, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) humiminika kutoka kwenye uboho, joto hupanda kwa kasi, na kwenye picha ya damu utaona chembe nyeupe 15 au 20. Lipopolisakaridi ya Brucella ina minyororo mirefu ya asidi za mafuta, kwa hiyo TLR4 huihisi kwa unyonge sana. Bakteria huyu pia ana protini zinazozima taarifa za vipokezi hivyo ndani ya seli. Mbiu haipigwi. Mgonjwa anakuwa na bakteria kwenye damu huku picha ya damu imetulia, au chembe nyeupe zimepungua kidogo na limfosaiti zimezidi nyutrofili. Ndivyo ilivyokuwa kwake: limfosaiti asilimia 52, nyutrofili 38, hemoglobini 11.4, CRP (alama ya uvimbe mwilini) 38, vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo. Kuandika "hakuna maambukizi ya bakteria" kwa sababu chembe nyeupe ni za kawaida ni kosa ambalo Brucella, taifodi na riketsia wote hulitumia kujificha.

Makrofaji humeza Brucella kama inavyomeza bakteria wengine, na wengi wa waliomezwa hufa katika saa za mwanzo. Wachache wanaobaki ndio wenye kazi. Kifuko walimomezwa kinapoanza kuwa na asidi, asidi hiyohiyo iliyokusudiwa kuwaua huwasha mtambo wao uitwao VirB, mfano wa bomba la sindano linalopenyeza protini kwenye seli ya mwenyeji. Kifuko hakifikishwi tena kwenye vimeng'enya vya kumeng'enya. Kinageuzwa njia hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, mahali ambapo seli hutengenezea protini zake, na humo Brucella huongezeka bila kuiua seli. Makrofaji iliyobeba mzigo huo inaendelea na safari zake za kawaida: wengu, ini, uboho, viungo, korodani. Nyonga inayouma na korodani iliyovimba ni vituo vya safari hiyohiyo, ingawa kwenye kituo cha pili vilisomwa kama magonjwa mawili tofauti.

Kingamwili, nazo, hazikosi. Aina iitwayo IgM hujitokeza kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, ile iitwayo IgG hufuata kuanzia wiki ya pili na kupanda kwa wiki kadhaa. Lakini kingamwili hushika kilicho nje ya seli. Bakteria aliye ndani ya makrofaji hazimfikii. Kinachomfikia ni mkono mwingine wa kinga: limfosaiti T zinazotoa interferoni gama na kuiamsha makrofaji ili iue ilichokimeza. Mkono huo hufanya kazi polepole, hujenga granuloma (vinundu vya seli za kinga) kuzunguka bakteria, na mara nyingi huwazuia bila kuwamaliza. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kingamwili tele na bado ana homa kila jioni.

Widal yake iliangukia kwenye udhaifu mwingine. Kipimo hicho kilichoanzishwa na Fernand Widal mwaka 1896 hutafuta kingamwili dhidi ya antijeni za O na H za Salmonella Typhi. Antijeni O namba 12 inapatikana pia kwa Salmonella wengine wa makundi A na B. Mtu aliyewahi kuugua, au aliyekutana na Salmonella wa chakula, hubaki na kingamwili, na homa nyingine inaweza kuzipandisha tena. Jibu moja la 1:160, bila sampuli ya pili ya kulinganisha siku 10 hadi 14 baadaye, halitoshi kumwandikia mtu taifodi mahali ambapo watu wengi wamekutana na Salmonella. Na ile nafuu ya siku ya nne? Siprofloksasini ina nguvu kiasi dhidi ya Brucella. Ilipunguza bakteria waliokuwa kwenye damu, homa ikashuka, na waliokuwa ndani ya seli wakabaki. Dawa ilionekana kuthibitisha taifodi, kumbe iliuficha ugonjwa kwa wiki kadhaa.

Safu ya mirija minane

Karatasi ya brusela hasi kwa slaidi ndiyo iliyompotezea muda zaidi, kwa sababu ilimwondoa kabisa kwenye shaka sahihi. Hapa maabara ya hospitali ilifanya kazi ya kuigwa.

Seramu (maji ya damu) ilipimwa kwanza kwa Rose Bengal, kipimo kinachotumia antijeni ya Brucella iliyotiwa rangi ya waridi, ambayo hugandana ikikutana na kingamwili. Antijeni ilitolewa kwenye friji, ambako hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 (ikigandishwa hutengeneza punje na kutoa majibu chanya ya uongo), ikaachwa ifikie joto la chumba, ikatikiswa. Mikrolita 30 za seramu na mikrolita 30 za antijeni ziliwekwa kwenye kigae cheupe, zikachanganywa kwa kijiti hadi duara la sentimita mbili, kigae kikayumbishwa taratibu kwa dakika 4. Kando yake kulikuwa na seramu mbili za ulinganisho, moja chanya na moja hasi. Ndani ya dakika moja rangi ya waridi ya mgonjwa ilianza kuachana: punje nyekundu pembeni, katikati maji meupe. Jibu husomwa dakika ya 4 kamili chini ya mwanga mzuri. Ukichelewa, kingo hukauka, na mkauko huo huonekana kama kugandana. Huo ndio mwanzo wa majibu mengi ya uongo kwenye maabara zenye foleni.

Kwa nini Rose Bengal chanya na slaidi ya kituo cha pili hasi, kwa mtu yuleyule? Mafundi walipanga mirija. Mrija wa kwanza ulipata mililita 0.9 za maji ya chumvi na 0.1 ya seramu. Mirija saba iliyofuata ilipata mililita 0.5 za maji ya chumvi kila mmoja. Wakahamisha mililita 0.5 kutoka mrija hadi mrija, nusu mililita ya mwisho ikamwagwa, kisha kila mrija ukaongezewa mililita 0.5 za antijeni. Safu ikawa 1:20, 1:40, 1:80, 1:160, 1:320, 1:640, 1:1280 na 1:2560. Mrija wa tisa ulikuwa na antijeni na maji ya chumvi tu, kwa ulinganisho. Vyote vikakaa kwenye nyuzi 37 kwa saa 24.

Asubuhi yake, ukiishika safu hiyo mbele ya dirisha, mirija mitatu ya kwanza ilikuwa na ukungu sawa na ule wa ulinganisho, kitone kidogo kimetulia chini. Hasi, hasi, hasi. Wa nne ulikuwa nusu kwa nusu. Wa tano, sita na saba maji yalikuwa angavu kabisa, na chini bakteria wamejitandaza kama mkeka mwembamba ambao ukiutikisa huinuka kwa vipande. Wa nane ukarudi kwenye ukungu. Taita, yaani uzimuaji wa mwisho uliogandisha: 1:1280. Maabara iliyoishia mrija wa tatu ingemwambia hana ugonjwa.

Hali hii huitwa prozoni. Ili bakteria wagandane, kingamwili moja lazima ishike bakteria wawili, mkono mmoja huku na mwingine kule. Mnadani mbuzi hufungwa wawili wawili kwa kamba moja. Ukimwaga kamba nyingi kupita mbuzi, kila mbuzi anaishia na kamba zake shingoni na hakuna aliyeunganishwa na mwenzake. Seramu isiyozimuliwa ya mtu mwenye kingamwili nyingi mno hufanya hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, katika bruselosisi ya wiki nyingi hutokea IgG na IgA zinazoshika bakteria bila kuwaunganisha, na kwa kushika huko huziba nafasi za zile zinazoweza kuunganisha. Antijeni ya Rose Bengal imewekwa kwenye asidi ya pH 3.65. Katika asidi hiyo IgG hugandisha vizuri na IgM zisizohusika hutulizwa, kwa hiyo kipimo hiki hakiangushwi kirahisi na kingamwili zinazoziba.

Walirudia safu ile kwa kuongeza 2-merkaptoethanoli, kemikali inayovunja IgM na kuiacha IgG. Taita ilibaki 1:640. Maana yake sehemu kubwa ni IgG, yaani maambukizi yaliyokwisha kukomaa, jambo linalokubaliana na wiki nane za homa.

Rose Bengal nayo ina mipaka yake. Sukari za lipopolisakaridi ya Brucella zinafanana na za Yersinia enterocolitica O:9 na kwa kiasi fulani na za kipindupindu, kwa hiyo chanya ya uongo ipo. Brucella canis wa mbwa hana sukari hizo na hataonekana kabisa. Na mfugaji aliyepona miaka mitatu iliyopita anaweza kuwa chanya leo akiwa na malaria. Kwa watu wanaoishi na mbuzi, jibu chanya lisilo na dalili si sababu ya kutoa dawa.

Chupa ya kalcha na maneno matatu kwenye fomu

Kalcha, yaani kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, ndiyo inayomwonyesha bakteria mwenyewe. Zilichukuliwa seti mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, mililita 10 kwa kila chupa ya mtu mzima. Kiasi kina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani: damu ya bruselosisi huwa na bakteria wachache kwa kila mililita, na chupa yenye mililita 3 hupunguza sana uwezekano wa kumpata. Ngozi ilisafishwa kwa spiriti, kisha klorheksidini, ikaachwa ikauke yenyewe. Kizibo cha chupa kilipanguswa kwa spiriti pia.

Kwenye fomu daktari aliandika: *Shaka la brusela*. Maneno hayo yalifanya kazi mbili. La kwanza, maabara haikuitupa chupa siku ya tano kama ilivyo desturi, na mashine ililia siku ya sita. La pili, fundi alijua anafungua nini. Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi duniani. Bakteria 10 hadi 100 wakivutwa kwa hewa wanatosha. Chupa ilifunguliwa ndani ya kabati la usalama la daraja la pili, kwa glovu na barakoa ya N95, na sahani zikafungwa kwa utepe. Kunusa sahani ili kutambua harufu ya bakteria, tabia ya mafundi wa zamani, ni marufuku kabisa hapa.

Kwenye hadubini walionekana vitone vidogo mno vyekundu hafifu, kama mchanga laini uliomwagwa. Safranini ya dakika moja huwaacha wamefifia kiasi cha kutoonekana, basi ongeza hadi dakika 3. Saa 24 sahani ilikuwa tupu, saa 48 makoloni ya ukubwa wa ncha ya sindano. Oksidesi chanya, katalesi chanya, yurea ikageuka rangi haraka. Hapo kazi ya mezani ilisimama. Kumpeleka kwenye mashine ya utambuzi au vipande vya kemikali ni kosa maradufu: anaweza kutajwa kuwa Moraxella, na kutengeneza mchanganyiko huo hurusha matone hewani. PCR, kipimo cha vinasaba, ilimtaja Brucella melitensis, yule wa mbuzi na kondoo.

Mhudumu mmoja alikuwa amefungua chupa ya seti ya pili nje ya kabati. Alipewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku na rifampisini miligramu 600 mara moja kwa siku, wiki 3, na kupimwa seramu siku hiyohiyo, kisha wiki ya 6, 12, 18 na 24. Hakuugua.

Dawa mbili, na sababu ya kila moja

Dawa moja peke yake hairuhusiwi katika bruselosisi. Mgonjwa atapata nafuu, kisha ugonjwa utarudi, na mara nyingi bakteria atakayerudi wala hana usugu: alikuwa tu mahali dawa haikumfikia. Doksisaiklini huingia ndani ya seli na hufanya kazi penye asidi, ila huzuia kuliko kuua. Gentamaisini na streptomaisini huua vizuri nje ya seli lakini huingia ndani kwa shida. Kwa pamoja zinazibana njia zote mbili. Doksisaiklini na streptomaisini zimeonyesha kurudia kwa ugonjwa kuchache kuliko doksisaiklini na rifampisini, na hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuiweka rifampisini akiba: kifua kikuu. Mtu aliyepungua kilo tisa, anayetoka jasho usiku na kuumwa mifupa, anafanana kabisa na mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa. Kabla ya dawa alipigwa picha ya kifua na ya nyonga, makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, akapimwa VVU. Vyote vilikuwa hasi. Picha ya nyonga pia ilikuwa safi, jambo lisilofuta shaka, kwa sababu eksirei huchelewa wiki kadhaa kuonyesha uharibifu wa kiungo.

Uzito wake ulikuwa kilo 64. Gentamaisini miligramu 5 kwa kilo ni miligramu 320 mara moja kwa siku, yaani ampuli 4 za miligramu 80, kwenye mililita 100 za maji ya chumvi kwa dakika 30, siku 7. Kreatinini ilipimwa kabla ya kuanza na siku ya nne, na kila siku aliulizwa kama masikio yanavuma au kichwa kinazunguka. Doksisaiklini ni miligramu 100 mara mbili kwa siku. Kwa ugonjwa usiogusa mifupa wiki 6 zingetosha. Kwa sababu ya nyonga zilipangwa wiki 12, ambazo ni vidonge 168.

Vidonge 168 ndipo tiba nyingi hufia. Homa hushuka wiki ya kwanza, mtu anajisikia mzima, mnada unamngoja. Alipewa vidonge 28 kila wiki mbili ili arudi aonekane, na akaambiwa mapema, waziwazi, kwamba siku atakayojisikia vizuri bakteria bado wako ndani. Kumeza ni kwa bilauri nzima ya maji, ukiwa umekaa, na usilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama kooni hutoboa kidonda. Asimeze pamoja na maziwa, dawa za vidonda vya tumbo au vidonge vya madini ya chuma. Kofia na mikono mirefu mnadani, kwani doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua. Wajawazito na watoto chini ya miaka 8 hawapewi mpango huu. Kwa mtoto hutumika kotrimoksazoli na rifampisini.

Boma

Mke wake alikuwa na mimba ya miezi mitano na yeye ndiye mkamuaji. Bruselosisi kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba, basi aliitwa wiki hiyohiyo. Rose Bengal ilikuwa chanya hafifu, hana homa, kalcha hasi, na taita ya pili baada ya wiki mbili haikupanda. Hakupewa dawa. Alipewa kadi ya kurudi kila wiki mbili na ruhusa ya kuja siku yoyote akisikia homa. Angeugua, rifampisini ndiyo ingekuwa nguzo ya tiba yake.

Maziwa yote sasa huchemshwa hadi yatokote kabla ya kunywewa au kugandishwa. Kugandisha pekee si kinga ya kutegemea. Viwandani nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, humuua Brucella, kwa hiyo sufuria iliyotokota inatosha kabisa. Kondo na kitoto kilichotupwa huokotwa kwa glovu au mifuko miwili ya plastiki mikononi, huzikwa kina ambacho mbwa hafukui. Kondo la mbuzi mwenye Brucella melitensis ndilo lenye bakteria wengi kuliko kitu kingine chochote bomani. Mbuzi watatu waliotupa mimba wasipelekwe Meserani. Hili ndilo gumu kuliko yote kwake, kwa kuwa ndiko kipato kiliko, na sisi tunalielewa. Lakini mbuzi aliyeuzwa huanzisha kisa hikihiki kwenye boma jingine.

Afisa mifugo akija kuchanja, kuna jambo la kukumbuka. Chanjo ya mbuzi na kondoo, Rev-1, ni bakteria hai asiyeuawa na streptomaisini. RB51 ya ng'ombe haiuawi na rifampisini, na aliyejichoma nayo hataonekana kwenye Rose Bengal. Mtu akijichoma sindano, swali la kwanza ni jina la chanjo, kwa sababu ndilo linaloamua dawa.

Mwezi wa sita

Homa ilikwisha siku ya tano ya matibabu, korodani ilirudi kawaida wiki ya tatu, nyonga ilichukua miezi miwili. Mwezi wa sita wa ufuatiliaji, kwenye kituo kingine, alipimwa tena kwa mafua ya kawaida na kuambiwa brusela bado ipo: mirija ilisoma 1:160. Alirudi hospitali na hofu, akiomba sindano zilezile.

Taita ilikuwa imeshuka kutoka 1:1280. Kilo nane zilikuwa zimerudi, CRP ilikuwa chini ya 5, kalcha mpya ya siku 14 haikuota. IgG inaweza kubaki kwa mwaka na zaidi baada ya kupona, tena kwa mtu ambaye bado anaishi katikati ya mbuzi. Hakupewa dawa. Kwenye daftari lake la kliniki daktari aliandika nini kingebadilisha uamuzi huo: homa inayorudi jioni, maumivu mapya ya mgongo au nyonga, taita inayopanda mara nne kutoka 1:160, au kalcha chanya. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili tangu tiba imalizike, kwa hiyo tarehe zilizofuata ziliwekwa mwezi wa tisa na wa kumi na mbili.